Mkutano wa Mtandaoni Unaomfikia Kila Mkazi: Somo la Kuandaa Sauti na Picha



Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa huitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti ya mikopo hiyo huelezwa mikutanoni. Mkazi wa kisiwa cha Ukara anayetaka kuyasikia mjini Nansio hana budi kuvuka maji hadi Bugolora, kisha aendelee kwa barabara. Kwa asiyeona, au kwa anayetumia kiti cha magurudumu, safari hiyo ni nzito maradufu.

Mkutano wa mtandaoni, ambapo wakazi hukusanyika katika ofisi ya kata na kuunganishwa na makao makuu ya wilaya, unaweza kuwaondolea adha hiyo. Hata hivyo, mtu anaweza kuketi chumbani, jina lake likaandikwa katika orodha ya mahudhurio, naye akatoka bila kuambulia neno. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata taarifa. Haki hiyo hutegemea mambo madogo yanayoandaliwa kabla ya kikao.

Kwanza: Uliza mapema

Tangazo la mkutano limwombe kila mwenye hitaji maalumu alitaje siku kadhaa kabla. Mkalimani wa lugha ya alama hapatikani kwa dakika tano. Kwa kikao kirefu watafutwe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa maana mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno.

Pili: Sauti

Simu iliyowekwa katikati ya meza kubwa hunasa feni, viti na minong'ono pamoja na msemaji. Kipaza sauti kiwe karibu na kinywa, kiasi cha shibiri moja, na kipitishwe kwa kila anayesema. Simu mbili zilizojiunga na mkutano mmoja ndani ya chumba kimoja huzaa mwangwi, kwa sababu sauti ya spika ya moja hurudi katika kipaza sauti cha nyingine. Dawa yake ni kuacha simu moja tu itoe na kupokea sauti. Nyingine zote zizimwe spika na vipaza sauti.

Mvua ikipiga juu ya bati, usishindane nayo kwa kelele. Simamisha mjadala, au mwandishi aandike hoja kuu kwenye uwanja wa ujumbe wa mkutano. Maandishi hayo humfaa pia mwenye usikivu hafifu na yule ambaye mtandao wake unakatika. Mtandao ukidhoofu, wasiosema wazime kamera zao, kwa kuwa picha hula bando kuliko sauti.

Tatu: Picha

Kwa kiziwi, picha ndiyo sauti. Kamera ya mkalimani haizimwi hata bando likiwa dogo. Aonekane kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni, mikono isikatwe na ukingo wa skrini. Avae nguo ya rangi moja inayotofautiana na rangi ya ngozi yake, na ukuta ulio nyuma yake usiwe na mabango. Mwanga umwangukie usoni. Akiketi huku dirisha likiwa nyuma yake, ataonekana kama kivuli cheusi, na midomo yake haitasomeka.

Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali. Waketi karibu na skrini, mahali ambapo jua halirudishi mng'ao. Nyaraka zitumwe mapema kwa maandishi ya kawaida, wala si kwa picha ya karatasi. Maandishi hukuzwa kwa urahisi, na simu ya asiyeona inaweza kumsomea.

Nne: Nidhamu ya mwenyekiti

Kila msemaji ataje jina kabla ya hoja. Watu wawili wasiseme kwa pamoja. Kauli kama "tazameni hapa" ina maana kwa anayeona tu; mwenyekiti aseme, "jedwali linaonyesha asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu." Kura ya kunyoosha mikono itangazwe kwa sauti, idadi itajwe, na mkalimani asubiriwe amalize kabla ya kuhamia ajenda inayofuata.

Tano: Jaribio

Siku moja kabla, jaribuni mkutano katika chumba kile kile, kwa simu zile zile, pamoja na mkazi mmoja asiyeona na mmoja kiziwi. Wao ndio waamuzi wa maandalizi, si fundi. Hakikisheni simu zimechajiwa na betri ya akiba ipo. Kumbukeni pia kwamba akaunti ya bure ya Zoom hukatika baada ya dakika 40; pangeni ajenda kwa kuzingatia muda huo.

Zoezi kwa viongozi wa kata na vijiji

Baada ya kikao kijacho, mwombeni mhudhuriaji mwenye ulemavu aeleze mambo matatu: nini kiliamuliwa, mwisho wa kuwasilisha maombi ni lini, na yeye mwenyewe alichangia hoja gani. Akiyajibu yote, amehudhuria. Akishindwa, apewe taarifa hiyo upya, kwa njia inayomfaa, kabla muda wa maombi haujapita.