Mlango Ulioachwa Wazi: Somo juu ya Kanisa na Vyama vya Raia

Someni: Yeremia 29:1-7



Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, tena wauombee na kuutakia amani mji ambao hawakuuchagua wenyewe. Neno hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Kuuombea mji mtu aweza akiwa amefunga mlango wake. Lakini kuutafutia amani hana budi kutoka nje, aangalie maji ya mji, na hukumu zake, na jinsi wakubwa wake wanavyowekwa. Naye akitoka atawakuta wengine waliokwisha kutoka kabla yake, na pengine hao si watu wa kanisa.

Watu wa namna hiyo ndio tutakaowatazama katika somo hili. Siku hizi makundi yao huitwa asasi za kiraia. Sisi tuseme vyama vya raia, yaani watu waliokusanyika kwa hiari yao kwa ajili ya jambo liwagusalo wote. Hawatawali, wala hawakai pamoja kwa kutafuta faida ya biashara. Jambo hili si geni kwetu. Wachaga waliitunza mifereji yao ya maji kwa mapatano ya ukoo na ujirani tangu kabla ya kuja kwa Serikali ya kigeni, na kila mtu alijua siku yake ya kazi na zamu yake ya maji.

Lakini mfano wetu wa leo twautoa mbali, katika mji wa Leipzig, ambao jina lake lajulikana sana katika makanisa yetu ya kaskazini, kwa maana wamisioni wa chama cha Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya vita vya 1939-1945 Ujerumani iligawanyika, na tangu mwaka 1949 Leipzig ilikuwa katika nchi ya mashariki, iliyotawaliwa na chama kimoja. Vyama vya vijana, vya wanawake na vya wafanya kazi vilikuwako, tena vingi, ila vyote vilifuata neno la chama kile. Watu watatu wakitaka kuanzisha chama chao wenyewe walihitaji ruhusa, na ruhusa haikutolewa. Kanisa peke yake lilibaki na nyumba ambamo watu waliweza kukutana kwa ibada pasipo kuomba kibali. Halikuwa kanisa lenye nguvu. Watoto wengi wa Wakristo walizuiwa kuingia shule za juu, na waliokuja ibadani walipungua mwaka kwa mwaka.

Mwaka 1980 mchungaji wa vijana wa Saksonia, Harald Bretschneider, alitaka vijana wapewe alama ya kuwakumbusha kuiombea amani. Akachagua picha ya mtu anayefua upanga uwe jembe, kama alivyoona nabii Mika. Kupiga chapa karatasi kulihitaji ruhusa. Kupiga chapa kitambaa kulihesabiwa kuwa kazi ya kupamba nguo tu. Basi alama ikapigwa juu ya kitambaa huko Herrnhut, mji wa ndugu zetu Wamoravian, ambao watu wao walifika Rungwe mwaka 1891. Vijana wakaishona katika mikono ya koti zao. Serikali ilipoona wanakuwa wengi ikakataza, na polisi wakawavua au wakaikata. Na picha ile ilikuwa ya sanamu ambayo Urusi ya Kisovieti, rafiki mkuu wa Serikali ile ile, iliwapa Umoja wa Mataifa mwaka 1959! Vijana wengine waliiacha koti na tundu lake, wakatembea nalo mjini.

Tangu mwaka 1982 watu wakaanza kukutana katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai kila Jumatatu, saa 11 jioni, kuombea amani. Mara nyingine walikuwa wachache mno. Mchungaji Christian Führer aliweka maneno mlangoni kwamba kanisa hili li wazi kwa wote, nao wakaja wote: waliokataa kushika silaha, waliotaka kuhama nchi na kunyimwa ruhusa, na waliosikitikia mto wao.

Habari ya mto yafaa tukae nayo kidogo, maana hapo ndipo maendeleo na siasa hukutana. Mto Pleisse hupita Leipzig. Viwanda vya makaa upande wa kusini viliuharibu, hata ukanuka, na wakubwa wa mji wakaufunika katikati ya mji, upite chini ya ardhi. Hesabu za uchafu wa hewa na maji zilikuwa siri. Serikali ilisema viwanda ndivyo maendeleo, na kweli viliwapa watu kazi na moto wa nyumbani. Katika Juni 1988 watu wakatembea kandokando ya mto kwa kuukumbuka, kama vile wanavyomsindikiza maiti. Hawakuomba kutawala. Waliuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na idhini ya kuliuliza.

Vivyo hivyo tarehe 7 Mei 1989, siku ya kuchagua mabaraza. Raia katika miji kadha wa kadha waliingia vyumba vya kura, wakasimama wakisikiliza hesabu ikisomwa, wakaandika. Serikali ilitangaza kwamba watu 98.85 katika kila mia wamekubali. Walioandika wakajumlisha karatasi zao, wakaona haipatani. Hiyo ilikuwa kazi ya kalamu na uvumilivu tu.

Msidhani, ndugu, kwamba kanisa lilifurahi siku zote kuwa na wageni hawa. Mwaka 1988 palitokea ugomvi. Wengine katika makundi walisimama mbele ya madhabahu wakahutubu siasa, na jina la Mungu halikutajwa. Wakubwa wa Serikali nao waliwasumbua wakuu wa kanisa bila kukoma. Ikaamuliwa kwamba makundi yasiandae tena maombi yale. Makundi yakaona yametupwa nje, yakapiga kelele. Mwaka uliofuata yakarudishiwa sehemu ya kazi. Mimi siwezi kuwahukumu waliotoa amri ile. Nyumba ya Bwana si jukwaa la kila mwenye neno, na mwenye kulinda kundi huogopa pia kwa ajili ya wale wazee walioketi nyuma. Lakini naona kwamba kama mlango ungalifungwa kabisa, watu wale hawangalikuwa na mahali pengine po pote.

Oktoba ikaja. Tarehe 6 gazeti la mji likachapa barua ya kutisha kwamba silaha zitatumika ikilazimu. Watu walikumbuka yaliyotokea China mwezi wa Juni. Jumatatu tarehe 9 chama kilituma watu wake mamia waketi mapema katika viti vya Nikolai, waenezi wa maombi wakose nafasi. Mchungaji akawakaribisha. Hivyo wakasikia Neno. Makanisa mengine matatu yalifunguliwa jioni ile. Watu sita wa mji, watatu wao viongozi wa chama, na mmoja Kurt Masur, mkuu wa wapiga muziki, wakatoa ombi kwamba pasiwe na kumwaga damu. Watu kama 70,000 wakatoka barabarani. Wengi walichukua mishumaa, na mwenye mshumaa nje hutumia mkono mmoja kuushika na mwingine kuukinga na upepo; hana mkono wa kushika jiwe. Askari hawakupiga. Sababu zilikuwa nyingi: wingi wa watu, na neno la uhakika kutoka Berlin halikufika. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Yaliyofuata si ya kujivuna tu. Katika uchaguzi wa Machi 1990, waliounganika kutoka makundi yale wakapata kura 2.9 katika kila mia. Tena tangu mwaka 1992, watu walipopewa ruhusa kusoma majalada ya polisi wa siri, ikajulikana kwamba wapelelezi walikuwamo ndani ya makundi, na katika watumishi wa kanisa pia. Kuna waliogundua kwamba aliyeomba karibu nao ndiye aliyewaandika.

Maombi ya Jumatatu yangaliko, saa ile ile.

Waalimu na wazee watakapokutana kwa somo hili, waulizane: Je, katika usharika wetu ni jambo gani la maji, la ardhi au la shule ambalo watu hulinong'ona njiani wala hawalisemi mkutanoni? Na kikundi kikija kuomba nyumba ya kanisa kwa kukutania, nasi twajua kwamba wamo wasiokuja ibadani, tena kwamba wakubwa hawatapendezwa, ni nani atakayetoa jibu, naye atauliza nini kwanza?