Picha Iliyobaki Katika Pochi ya Askari

Somo la safari hii tumelitoa katika filamu: The Place Beyond the Pines ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Derek Cianfrance. Mambo yanatukia Schenectady, mji wa jimbo la New York nchini Marekani.

Luke ni mwendesha pikipiki wa maonyesho ya kuhamahama. Anapogundua kuwa Romina amemzalia mwana, Jason, anaacha safari zake ili akae karibu na mtoto, kwa kuwa yeye mwenyewe alikua bila baba. Ujira wa gereji haumtoshi, naye anaanza kupora benki. Siku mambo yanapoharibika anakimbilia katika nyumba ya watu, na askari kijana, Avery, anamfuata hadi ghorofani. Avery anafyatua kwanza. Luke anaanguka kutoka dirishani na kufa, na risasi yake inamjeruhi Avery mguuni. Nani aliyetangulia kufyatua? Jambo hilo halielezwi kwa uwazi, na Avery anasifiwa kama shujaa. Ndipo anapopata habari kwamba marehemu ameacha mtoto mchanga. Naye nyumbani ana wa kwake, AJ, wa umri uo huo.

Kisa kinachofuata kingefaa kuonyeshwa katika kila chuo cha polisi. Askari wenzake wanampeleka nyumbani kwa Romina, wanapekua kinyume cha sheria, na kuzikuta fedha za wizi katika kitanda cha mtoto. Hazifanywi kielelezo, zinagawanywa, na Avery anapewa fungu lake. Anajaribu kumrudishia Romina, mama anakataa. Hatimaye anawafichua wenzake, jambo la haki kabisa, lakini analitumia pia kama ngazi ya kupandia cheo. Ufisadi wa wengine ameuanika. Lake la ghorofani amelifunika.

Miaka 15 baadaye wana wawili wanakutana shuleni bila kujuana. Hapa, nikiri, filamu inategemea sadfa kupita kiasi. Hata hivyo, hali zao zinasadikika. AJ ana baba mashuhuri ambaye hakuweza kuwa karibu naye. Jason hajaelezwa baba yake alikuwa nani, japo amelelewa vyema na Kofi, baba wa kambo ambaye filamu inamnyima nafasi anayoistahili. Jason anapoupata ukweli, anachukua bunduki. Anamfikisha Avery msituni. Avery analia, anaomba msamaha. Kijana anamwacha hai, na katika pochi ya mzee huyo anakuta picha ya Luke, Romina na yeye mwenyewe akiwa mchanga, iliyohifadhiwa miaka yote hiyo.

Avery hakuwahi kumsahau mtoto yule, wala hakuwahi kumwendea na kumwambia lililotokea. Yeyote kati yetu aliyewahi kumkamata mtu mbele ya wanawe anaujua ukimya huo. Taarifa ya tukio hutaja mtuhumiwa, silaha na mali. Mtoto aliyesimama mlangoni mara nyingi haandikwi, wala jina la mtu aliyebaki naye.

Kwa mjadala wa kikundi: baada ya ukamataji wa mwisho mtaani kwenu, ni nani aliyerudi katika nyumba ile, na alirudi kwa ajili ya nini?