Hesabu ya Njia ya Shule

Mara nyingi watoto huhimizwa kutembea kwa miguu na kupanda baiskeli kwa ajili ya afya zao. Maneno hayo ni mema, lakini mimi sijapata kumwona mzazi aliyemzuia mwanawe kupanda baiskeli kwa kuwa hajui faida zake. Wazazi huogopa barabara. Basi, wasomaji, leo tuache mahimizo, tufanye hesabu.

Sheria ya Tanzania inaruhusu gari kwenda kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Gari la mwendo huo hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Tuseme mtoto wa darasa la kwanza amekimbilia barabarani kufuata mpira. Hata dereva aliye macho huchukua yapata sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 14, wala halijapunguza mwendo hata kidogo. Breki zikishika vizuri juu ya lami kavu, litataka mita 14 nyingine ndipo lisimame. Jumla ni mita 28.

Sasa tulitazame gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa. Sekunde ya kwanza hula mita 8 na kitu, na breki hula mita 5. Jumla ni mita 13 na kitu.

Ikiwa mtoto yupo mita 14 mbele, gari la pili litasimama kabla ya kumfikia. Gari la kwanza litamgonga kwa mwendo wake wote. Anayestaajabu akumbuke kwamba nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: 5 kwa 3 huwa 25 kwa 9.

Nimekaa sana juu ya hesabu hii kwa sababu sisi walimu hupenda kumfundisha mtoto tu: tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Ni vizuri afundishwe, lakini mtoto wa miaka sita hawezi kukadiria kasi ya gari linalomjia. Yafaa barabara yenyewe imlazimishe dereva kwenda polepole.

Jambo hili limekwisha kufanyika Dar es Salaam. Shirika la Amend lilikwenda katika shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa sana, likaweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu. Penginepo lango la shule lilihamishwa kutoka barabara kubwa likaelekezwa kwenye njia ya pembeni. Uchunguzi ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa karibu robo, na mwaka 2019 kazi hiyo, iitwayo SARSAI, ilipata Tuzo ya WRI Ross ya Miji. Fikirini habari ya lango! Ni kazi ya fundi mmoja na mifuko michache ya saruji.

Pengine msomaji atasema kwamba baiskeli ni mambo ya Uholanzi, ambako watu wamezizoea tangu zamani. Ni kweli walizizoea, lakini magari yalipoongezeka wengi waliziacha, na mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara za nchi hiyo, watoto wakiwa zaidi ya 400. Wazazi wakaandamana. Mwaka 1973 mafuta yakawa adimu, na kwa muda serikali ikakataza magari siku za Jumapili. Baadaye miji ilianza kutenga njia za baiskeli, na leo zaidi ya robo ya safari zao ni za baiskeli.

Kwetu faida ingekuwa kubwa zaidi, maana wengi hukaa mbali na shule. Kwa nusu saa mwanafunzi hutembea kilomita 2 na nusu. Kwa baiskeli, akienda taratibu, huenda 7 na nusu. Chora duara mbili zenye nusu kipenyo hizo, shule ikiwa katikati. Eneo la ile kubwa ni mara 9 ya ile ndogo, na vijiji vingapi vimo ndani yake!

Basi, wanafunzi wa Kidato cha Pili, zoezi lenu ni hili. Nje ya lango, pimeni mita 50 kando ya barabara, mkatie alama kila upande. Mmoja ashike saa, mwingine aandike, nanyi msimame mbali na lami. Gari likipita kwa sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likipita kwa sekunde 3.6, linakwenda 50. Andikeni kila gari, bodaboda pia, asubuhi na jioni, kwa juma zima. Karatasi zitakazopatikana zitasomwa katika mkutano wa wazazi, kisha zipelekwe TARURA pamoja na ombi la matuta.