Moshi ni Kuni Zisizoungua: Somo Juu ya Jiko la Kuni

Msafiri apitaye Ifakara alfajiri wakati wa masika huona moshi ukivuja katika mapaa ya majiko kabla jua halijachomoza. Wengi wetu tumelelewa katika moshi huo, tukauhesabu kuwa sehemu ya mapishi. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba moshi ni mali inayopotea na ni ugonjwa unaoingia nyumbani, na kwamba hasara zote mbili zaweza kupunguzwa na yule anayeufahamu moto.

Kuni huunguaje?

Ukuni hauungui mara moja. Kwanza, maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke katika nyuzi 100 za Sentigredi. Pili, joto linapozidi nyuzi 200 hivi, ukuni huanza kuvunjika na kutoa gesi, ambazo ni kama robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu. Gesi hizo ndizo zitoazo mwali. Kinachobaki ni kaa. Ili gesi ziungue zote, yahitajika hewa ya kutosha na joto la nyuzi 600 hivi au zaidi. Likikosekana mojawapo, gesi hutoka bila ya kuungua, nazo zikipoa huonekana kama moshi.

Hesabu ya kuni mbichi

Tuchukue kilo 1 ya kuni mbichi ambazo nusu ya uzito wake ni maji. Nusu kilo ya ukuni wenyewe ina nishati ya megajuli 9 hivi. Kuyageuza mvuke maji yale ya nusu kilo huchukua megajuli 1.3. Yaani, sehemu moja katika saba hutumika kukausha ukuni, wala haikifikii chungu. Hasara iliyo kubwa zaidi haimo katika hesabu hii: mvuke huupoza moto, na gesi hutoroka zikiwa moshi.

Katika bonde la Kilombero mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, na mto hufurika. Kwa hiyo kuni za masika hutafutwa kiangazi. Zipasuliwe, kwa maana ukuni mnene hukauka polepole, kisha zipangwe upenuni juu ya magogo mawili, hewa ipite chini yake.

Jaribio: Pima ukuni mmoja kwa mizani kila wiki na uandike uzito. Uzito ukiacha kupungua, umekauka. Asiye na mizani agonganishe kuni mbili: zilizokauka hutoa mlio mkali, mbichi hutoa mlio mzito.

Mafiga na jiko banifu

Katika mafiga matatu, joto lifikalo chunguni mara nyingi ni sehemu 10 hadi 15 tu katika 100. Lililobaki huchukuliwa na upepo. Jiko banifu la udongo wa kichuguu, lenye matundu mawili na dohani, huuzungushia moto ukuta. Wali hupikwa tundu la kwanza, na mboga hupata joto linalopita kuelekea dohani. Hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda katika dohani na kuvuta hewa mpya mlangoni. Kuni zilazwe juu ya vyuma ili hewa ipite chini yake.

Hata hivyo, jiko hili lina masharti. Kuta nene hunywa joto jingi kabla ya kupata moto. Hivyo lafaa zaidi kwa maharage kuliko kwa birika moja la chai. Nyufa zizibwe, masizi yakwanguliwe mara kwa mara, na dohani isigusane na paa la nyasi.

Afya na msitu

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Watoto wadogo hupata nimonia kwa sababu ya moshi huo. Makaa yasiyo na moshi nayo hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Asilale mtu katika chumba kilichofungwa chenye makaa.

Wako wasemao kwamba moshi hufukuza mbu. Ifakara, ambako hufanywa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, jambo hili lieleweke vyema: kinga ya usiku ni chandarua, nyumbani na hata katika vibanda vya shamba la mpunga.

Tena kuni si nyingi kama zamani. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na ruhusa ya wanavijiji kuokota kuni humo ilikoma mwaka 2011. Kila ukuni unaookolewa jikoni ni mwendo uliopunguzwa na mti uliosalia.

Maswali

1. Kwa nini kupuliza moto hupunguza moshi?
2. Kwa nini kuni mbichi hutoa moshi mwingi hata jiko likiwa zuri?
3. Jikoni kwako, joto hupotelea wapi zaidi?