Mama aliuza ndizi tano: funzo la kitenzi kimoja katika darasa la pili, Kalembe

Makala haya yanahusu swali moja la hesabu na kitenzi kimoja kilichomo ndani yake. Nimeyaandika kwa ajili ya wenzangu wa kitivo wanaojiandaa kwenda kufundisha, kwa sababu kosa ninalolieleza nililifanya mwenyewe, na nililifanya nikiwa na daftari la mofolojia begini.

Kalembe iko mpakani mwa wilaya za Masisi na Walikale, kwenye barabara inayotoka Mweso na Kashuga kuelekea Pinga. Mtoto wa huko anaweza kusikia lugha tatu au nne kabla hajakanyaga shule: Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, na Kiswahili cha sokoni na cha barabarani. Ni mahali pa kuhamahama vilevile. Darasa la Jumatatu si lazima liwe lile la Ijumaa, kwani familia hufika na kuondoka kadiri habari za vita zinavyofika. Nilikuwa huko kabla ya Oktoba 2024, mwezi ambao mapigano yalifika Kalembe kwenyewe. Darasa langu la pili lilikuwa na watoto wa wenyeji na watoto wa wakimbizi wa ndani, madawati yasiyotosha, na mabati ambayo mvua ikinyesha hakuna anayemsikia mwenzake.

Wiki hiyo tulikuwa kwenye kutoa. Tulikuwa tumehesabu kwa maharage, kwa vijiti, hata kwa vidole vya jirani, na watoto walikuwa wanaelewa vizuri. Nikaona wakati umefika wa kuwapa swali la maneno. Niliandika ubaoni, kwa Kiswahili sanifu kama nilivyofundishwa:

Mama alikuwa na ndizi 12. Aliuza ndizi 5. Sasa ana ndizi ngapi?

Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 17.

Nilisahihisha jioni kwa biki nyekundu. Niliweka sifuri mpaka nikachoka, nikaandika kwenye daftari langu la maandalizi kwamba watoto hawajashika kutoa na kwamba somo lirudiwe. Niliandika pia, jambo linalonisikitisha zaidi, kwamba watoto waliokuja karibuni ndio wanaoanguka sana. Nililiandika bila kuhesabu. Nilipohesabu baadaye niliona kwamba wenyeji walikuwa wameanguka sawa na wageni.

Kesho yake mama mmoja alikuja na daftari la mwanawe. Hakuja kugomba. Alinisalimia, akaulizia habari za nyumbani, kisha akafungua ukurasa wenye sifuri. “Mwalimu, mi ninauzishaka sombe kila siku. Ni huyu mtoto ananihesabiaka franga. Sasa anakosea namna gani?”

Nilimwita mtoto, nikampa maharage, nikamwambia anionyeshe. Akapanga 12. Halafu, badala ya kuondoa 5, akaingiza mkono mfukoni mwa maharage, akatoa mengine 5, akayaweka pamoja na yale ya kwanza. “Mama alienda ku soko, akauza tano, akazileta ku nyumba.” Akahesabu yote: 17. Mama yake alinitazama kama anayesubiri nieleze kosa liko wapi.

Ndipo nikaelewa. Katika Kiswahili cha Kivu, na si cha Kivu peke yake bali cha mashariki mwa Kongo kwa upana wake, kuuza ni kutoa pesa na kupata kitu. Anayetoa kitu na kupokea pesa anauzisha. Yule mama alikuwa ameniambia jambo hilo katika sentensi yake ya kwanza kabisa. Nami ninalijua tangu kuzaliwa! Asubuhi ile nilikuwa nimesimama kwenye kibanda nikamwambia mwenye duka kwamba nataka kuuza sabuni, akanipa sabuni, hakuna aliyeshangaa. Lakini nikiingia darasani ninavaa sikio lingine, la kitivo, na sikio hilo halikusikia.

Kwa hiyo watoto walikuwa wamejibu sawa. Walisoma sentensi, wakaielewa, wakachagua hesabu inayofaa, wakaifanya bila kukosea. Aliyeshindwa kusoma ni mimi.

Sasa nirudi kwenye upande wetu wa lugha, maana hapa pana kitu cha kumfaa mwanafunzi wa isimu. Mara nyingi tunasikia kwamba matumizi haya ni “kuharibu Kiswahili”. Nimewahi kuyasema maneno hayo mwenyewe. Hebu tuangalie vitenzi ambavyo Kiswahili sanifu chenyewe kinavikubali. Anayepata mkopo anakopa, anayeutoa anakopesha. Anayekaa katika nyumba ya mtu anapanga, mwenye nyumba anapangisha. Mwenye kukodi baiskeli anakodi, mwenye baiskeli anakodisha. Hata kusoma na kusomesha viko katika mstari huo. Kila mahali anayepokea ana kitenzi kitupu, na anayetoa ana kitenzi chenye kiambishi cha usababishi, -ish- au -esh-: anamfanya mwingine apokee. Mtoto wa Kalembe anayesema kuuza kwa anayepata na kuuzisha kwa anayetoa amefuata kanuni hiyo bila kuipinda. Katika jambo hili kisicho na mpangilio ni sanifu, yenye nunua na uza ambavyo havifanani hata kwa herufi ya kwanza.

Kinyarwanda, ambacho baadhi ya watoto wangu wanakisema nyumbani, kina jozi ya namna hiyohiyo: kugura ni kununua, kugurisha ni kuuza. Waganda nao wanasema kugula kwa kununua. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaunda upya mzizi wa kale, *-gʊd-, wenye maana ya kununua, na kutoka humo hali ya usababishi yenye maana ya kumfanya mtu anunue, yaani kuuza. Uza letu la pwani limetokana na hali hiyo ya usababishi. Ile z ni alama ya usababishi wa zamani, sawa na z tunayoiona katika lala na laza, jaa na jaza, poa na poza. Tofauti ni kwamba laza bado lina mwenzake lala, ilhali mwenzake uza asiye na z ametoweka katika Kiswahili, na nunua likashika nafasi yake. Msemaji wa leo haoni tena kwamba uza ni neno lililonyambuliwa.

Maoni yangu, na wahadhiri watanisahihisha, ni kwamba Kiswahili kilipoingia Kongo na misafara ya biashara ya karne ya 19, hadi Nyangwe na Kasongo, kilikutana na watu ambao katika lugha zao gula au gura ni kununua. Walisikia uza, lenye sauti ya karibu na maana ya sokoni, wakalipa maana ya mzizi wao. Kisha, kwa kuwa walihitaji neno la upande wa pili, wakaongeza -isha kama sarufi inavyoruhusu. Kama ni hivyo, basi neno limenyambuliwa mara mbili kwa usababishi: mara ya kwanza zamani sana, alama yake ikasahauliwa, na mara ya pili huku kwetu. Inachekesha kidogo kwamba lugha iliyoletwa na wafanyabiashara ibadilishane muuzaji na mnunuzi njiani.

Nilipomweleza mwalimu mwenzangu wa darasa la sita, hakuona ukubwa wa jambo. Alisema: mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa, watoto hawa watapambana na acheter na vendre, Kiswahili tunakitumia kama ngazi tu. Hoja yake si ya kupuuzwa. Katiba ya 2006 inaweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kimo kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini ngazi ikiegemezwa pabaya mtu anaangukia palepale anapopanda. Mwalimu wa darasa la tatu akisema vendre ni kuuza, kama kitabu kinavyosema, mtoto atajifunza kwa uaminifu kabisa kwamba vendre ni kununua. Atakosa hesabu kwa lugha mbili, na kila mmoja wetu atasema hajui kutoa.

Nilirudia somo, ila si somo nililokuwa nimeliandika. Kwanza nilifuta sifuri zote mbele ya darasa na kuandika alama zao, nikawaambia kwamba mwalimu alikosea. Kulikuwa na kimya kidogo, halafu makelele. Kisha tukafungua soko. Tulipanga majani ya mgomba chini, tukaweka maharage kuwa ndizi na mawe kuwa vitunguu, tukakata karatasi za franga 100 na 500. Nusu ya darasa ilikaa na bidhaa, nusu ikazunguka. Sikuwafundisha neno lolote, nilisikiliza tu na kuandika. “Nataka kuuza tatu.” “Mi siuzishe deni.” “Uniuzishie na ile kubwa.” Hakuna mtoto hata mmoja aliyechanganya pande mbili. Mwenye kuuzisha alihesabu kwa kutoa, mwenye kuuza kwa kuongeza, na kila mmoja alijua amebaki na nini.

Baada ya soko niligawa ubao pande mbili: kwetu na kitabuni. Chini ya kwetu wao wenyewe walitaja kuuza na kuuzisha. Upande wa kitabuni niliandika kununua mkabala na kuuza, na kuuza mkabala na kuuzisha, nikachora mkono unaotoa na mkono unaopokea. Neno nunua baadhi walikuwa wamelisikia redioni. Lililowasumbua si neno hilo geni, bali lile wanalolijua likitokea upande usio wake. Msichana mmoja aliuliza: “Sasa mama yangu, kitabu kinamwita nani?” Nikasema muuzaji. Akafikiri. “Na mimi nikikuja kwake?” Mnunuzi. Hakuridhika, na sioni kwa nini aridhike siku hiyo hiyo. Tulilirudia wiki tatu, dakika kumi kila mara, na kuna waliokuwa bado wanageuza nilipoondoka.

Kuanzia hapo nilitenganisha vitu viwili. Katika somo la lugha, uza na nunua tulivisoma waziwazi, kwa sababu mtoto atakutana navyo vitabuni na ana haki ya kuvijua. Katika somo la hesabu, nilipotaka kujua kama mtoto anaweza kutoa, nilikiacha kitenzi hicho kabisa. Swali liliandikwa upya hivi: Mama alikuwa na ndizi 12. Mtu alikuja, akalipa franga, akaenda na ndizi 5. Mama amebaki na ndizi ngapi?

Mtoto wa mama wa sombe alimaliza wa kwanza, akaandika 7, kisha akaniuliza yule mtu alilipa franga ngapi.