Sanduku la Sauti Nzito Garini

Fundi wa Lisekese, Masasi, atakaye sauti nzito garini asidhani kuwa sanduku la spika ni pambo. Utando wa spika usukumapo hewa mbele, huivuta nyuma. Wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu meta 7; hivyo, pasipo kizuizi, hewa ya mbele huzunguka ukingo na kujaza upungufu wa nyuma, na sauti hufifia. Sanduku lililozibwa hutenga pande hizo. Likiwa dogo mno, hewa iliyomo huwa kama springi ngumu na sauti nzito hupungua.

Basi, ziba kila ufa, na ulikaze kwa bolti: gari lifungapo breki ghafla, sanduku lililolegea laweza kuua.

Zoezi: Sikiliza spika isiyo na sanduku, kisha uipachike katika tundu la ubao mpana. Eleza tofauti.