Tuliporudi kutoka kongamano: tafakari ya Luka 2:41–52



Wapendwa vijana, wengi mmeniuliza, "Frateri, kongamano lilikuwaje?" Lilikuwa zuri, kweli kabisa. Vijana wa majimbo mbalimbali, semina, kuabudu Ekaristi usiku, Misa ya kufunga, na joto la Dodoma lililowatesa skauti wetu waliozoea ukungu wa Lushoto. Hayo mmeyaona kwenye picha. Leo nataka tukae kwenye safari ya kurudi, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kitu. Na nilikijifunza kwa aibu.

Tulikuwa na Kosta mbili. Asubuhi ya kuondoka niliwaambia viongozi wa vikosi wahesabu watu wao. Kila mmoja akajibu, "Tupo." Filimbi ikapigwa, tukaanza safari. Tulipofika Kibaigwa tukasimama kunywa chai, na hapo ndipo dada mmoja aliyekuwa anagawa maandazi akaona limebaki moja. Kijana wa kidato cha pili hayupo. Gari la kwanza walidhani yuko gari la pili. Sisi wa gari la pili tulidhani yuko la kwanza.

Sasa fungua Luka 2, aya ya 41 mpaka 52. Soma polepole, mimi nakusubiri.

Umeona? Yusufu na Maria walitembea mwendo wa siku nzima wakiamini mtoto yumo miongoni mwa ndugu na jirani. Zamani nilikuwa najiuliza, inawezekanaje wazazi watakatifu namna hiyo wampoteze mtoto? Kibaigwa nilipata jibu. Hawakuwa wazembe, walikuwa wanawaamini watu wao. Msafara wa Pasaka ulikuwa wa watu wanaofahamiana, na mtoto wa miaka 12 si wa kushikwa mkono. Ila kudhani kwamba mtu yumo na kujua kwamba yumo ni vitu viwili. Kwenye vikundi vyetu vya vijana tunadhani sana. "Fulani yupo, si nilimwona kwaya Jumapili ile?" Ile ipi?

Gari moja likaendelea na watoto, mimi nikarudi Dodoma na lingine. Ni kama kilomita 90, na sijawahi kusali Rozari vibaya hivyo maishani mwangu. Nilikuwa naruka matendo.

Tulimkuta amekaa kwenye benchi nje ya kanisa, begi mapajani, skafu shingoni. Mzima. Mnajua nilifanya nini? Nilimfokea. Mbele ya dereva, mbele ya wenzake waliorudi nami, mbele ya masista waliokuwa wamempa chai. Nilisema yote ambayo mtu mwenye hofu husema. Naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu: "Frateri, sikuachwa. Nilibaki."

Rudi kwenye aya ya 48. Maria naye alikuwa na uchungu, siku tatu nzima za uchungu, na hauficha. Lakini maneno yake ya kwanza ni swali. Anauliza kwa nini, na anasubiri jibu. Na jibu analopewa, Luka anasema wazi, yeye na Yusufu hawakulielewa. Anachofanya ni kuliweka moyoni. Mimi sikuwa na nafasi ya kuweka kitu chochote moyoni, maana mdomo ulikuwa umejaa.

Nilisoma falsafa, na kwenye mtihani niliandika vizuri tu kuhusu fadhila ya busara kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa anataja sehemu zake: kumbukumbu, utayari wa kufundishwa, kuona mbele, na nyinginezo. Mojawapo ni kutazama pande zote. Anaeleza kwamba jambo linaweza kuwa jema lenyewe, lakini likageuka baya kwa sababu ya mazingira linamofanyikia. Kumwonya kijana ni jema. Kumwonya mbele ya watu, huku mwenyewe unatetemeka, kabla hujajua lililompata? Kwenye mtihani nilipata alama nzuri, lakini Dodoma nilipata sifuri.

Ndani ya gari ndipo akaniambia. (Amenipa ruhusa kusimulia, bila jina.) Kule kongamanoni kwa siku nne aliitwa kwa jina lake. Aliulizwa anawaza nini. Nyumbani, alisema, anaitwa wakati kuna kabichi za kubeba au baba akiwa amelewa. "Nikirudi, yote yanaisha."

Sikuwa na jibu la haraka, na sasa hivi pia sitajifanya ninalo. Nilimwomba msamaha kwanza. Halafu tukasoma pamoja aya ya 51, ile ambayo wengi tunaipita mbio. Yesu, baada ya kuwashangaza walimu Hekaluni, anashuka Nazareti. Anakaa huko mpaka anapofikia miaka kama 30. Yaani kongamano la siku tatu, na nyumbani miaka kama 18! Hata Maria wa Luka 1, ambaye mwendo wake wa haraka kwenda nchi ya milima ulikuwa mada ya Siku ya Vijana Duniani ya Lisbon mwaka 2023, Luka hasahau kuandika kwamba baada ya miezi mitatu alirudi kwake.

Skauti mnaijua ile alama ya duara lenye nukta katikati. Inamaanisha "nimekwenda nyumbani", na ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri. Kijana aliitazama kwenye kitabu chake, akaniuliza: "Na kama nyumbani ndiko kunakouma?" Nikamwambia kurudi nyumbani si kukubali kuumizwa, na kwamba safari hii hatarudi peke yake. Kupigwa si msalaba wa kubebwa kimyakimya. Ukiwa katika hali hiyo, mwambie mtu mzima unayemwamini: mwalimu, katekista, mama wa WAWATA, paroko.

Tulifika Mombo usiku, tukaanza kupanda kona za Soni, baridi ikaingia dirishani. Kesho yake mlezi wa skauti na mwenyekiti wa jumuiya walikwenda nyumbani kwake. Baba aliwapokea. Mazungumzo bado yanaendelea, siwezi kusema zaidi.

Kwenye kikundi chako, wiki hii, andika majina ya walioacha kuja tangu Pasaka. Majina, siyo idadi. Halafu muulizane nani ataenda kwa nani, na atauliza nini kabla ya kusema lolote.

Sisi siku hizi hatupokei tena "tupo". Tunaita jina moja moja, na mwenye jina anaitika mwenyewe. Inachukua dakika kumi na moja, na madereva wanalalamika.